Meno ya Mjukuu wa Bibi Birika

Benchi la kijiwe kile lilikuwa mlango. Mlango hasa, wa mbao ngumu, uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali pale kona ambapo barabara ya lami inakutana na uchochoro, na kitasa chake hakuna aliyejisumbua kukitoa. Wenyeji walijua pa kukaa. Mgeni akikaa upande wa kitasa aliruka kama aliyeumwa na siafu, wakapata cha kuchekea mpaka kikombe cha pili. Mwisho wa kulia alikaa fundi viatu, watu wakimwita Soli, na sanduku lake la misumari na gundi miguuni. Pembeni yake fundi baiskeli, Spoku, mwembamba kama hizo njiti za gurudumu alizopewa jina. Kisha mzee Muhuri, aliyekuwa karani miaka thelathini na miwili, akastaafu akaacha kila kitu ofisini isipokuwa kibati cha wino, ambacho alitembea nacho mfukoni mwa koti kwa sababu huwezi kujua. Msusi wa duka la jirani, Kioo, hakukaa. Alisimama ameegemea nguzo, kitana kimechomekwa kichwani mwake mwenyewe, jicho moja kwenye mlango wa duka lake. Na mbele yao wote, kwenye kigoda, nyuma ya jiko la mkaa na birika lenye mdomo mrefu, alikaa Bibi Birika, ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja, na siku hiyo ndiye aliyekuwa na karatasi ya kujibu.

Karatasi ilikuwa chini ya sinia la vikombe, isipeperuke.

— Muhuri, hebu nisomee tena.

— Nimekusomea mara tatu, Bibi.

— Ya nne haiui mtu.

Muhuri akavaa miwani, akakohoa kikohozi chake cha ofisini.

— "Mimi, mlezi wa mgonjwa aliyetajwa hapo juu, nimeelezwa na nimeelewa, na nakubali, au sikubali, afungwe nyaya za kunyoosha meno, ya juu na ya chini, kwa muda wa miezi ishirini na minne. Fomu irudishwe leo kabla ya saa kumi. Isiporudi, nafasi itapewa anayefuata."

— Na yeye?

— Anarudi mwisho wa foleni. Mwaka. Miwili. Foleni za meno ni ndefu siku hizi, Bibi, kuliko za maji.

— Na sasa saa ngapi?

— Saa saba kasoro.

— Anapita saa nane kuichukua, akitoka shule, Bibi akasema, akairudisha karatasi chini ya sinia.

Jana yake mama mdogo wa mtoto alipiga simu kutoka huko anakofanyia kazi. "Mama, gharama niachie mimi, hiyo usiiweke kichwani. Uamuzi ndio wako. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake afariki. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, sitakuuliza." Bibi alilala na maneno hayo kama mtu aliyelala na punje ya mchanga jichoni. Kubebeshwa mzigo ni kubaya, lakini kubebeshwa kwa heshima ni kubaya zaidi, maana hata pa kunung'unikia huna.

Aliyeanza kumshauri ni Spoku, kwa kuwa Spoku ndiye huanza siku zote.

— Jambo dogo hili. Gurudumu likipinda hulitupi. Unakaza njiti hii robo, unalegeza ile robo. Kesho tena. Wiki ikiisha linazunguka limenyooka, unaweza ukalala usingizi ukilitazama. Na meno ndiyo hivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa anakunjwa au ananyooshwa? Soli akauliza.

— Samaki ni samaki, bwana. Usinichoshe.

— Gurudumu halina mshipa wa fahamu, ndugu yangu. Mimi nimeshika ngozi tangu sijaota ndevu. Kiatu kikikubana, kati ya kiatu na mguu, nani hulegea?

— Kiatu.

— Kiatu! Mguu haujawahi kulegea hata siku moja. Mfupa una kiburi. Utaufunga nyaya miaka miwili, siku unazitoa, mfupa unarudi kwao kama kondoo wa jioni. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

— Pengo limetoka wapi tena? Binti hana pengo.

— Methali hiyo inahusu meno, haihusu?

— Inahusu.

— Basi imefika kwao.

Bibi akamimina kahawa, vikombe vinne, kila kimoja kwa mwenyewe bila kuuliza. Akasema taratibu:

— Jana kwenye simu niliambiwa daktari kasema mengine yanasagana vibaya. Ukubwani yatalika, na chakula kinajificha humo.

— Daktari lazima aseme hivyo, Soli akasema. Hata mimi mtu akipita na kiatu kizima namwambia soli inaondoka.

— Ndiyo maana nilibadilisha viatu vitatu mwaka jana! Spoku akasema.

— Na ulipendeza.

Kioo akacheka, akakichomoa kitana kichwani.

— Nyinyi wanaume mnaongea kama anayepelekwa huko ni trekta. Mtoto wa kike huyo. Njooni saluni kwangu siku moja mkae kimya, najua hamuwezi, lakini njooni, msikilize. Shule hiyo hiyo anayosoma binti, wasichana wanne wamefunga nyaya. Wa kwanza alikuwa na haja. Wa pili alimwona wa kwanza. Wa tatu na wa nne waliona wanabaki nyuma. Yuko mmoja meno yake yamejipanga vizuri kama mahindi, daktari akamwambia nenda nyumbani, huna ugonjwa. Akalia siku mbili! Akaja kwangu na waya mwembamba wa kutungia shanga, akajifunga mwenyewe mbele ya kioo changu.

— Mbele ya kioo chako, na wewe unatazama?

— Nilidhani anatoa uzi wa nyama.

— Ikawaje?

— Alipiga picha tatu anatabasamu. Ya nne fizi ikavimba, shavu likawa kama mto wa kulalia.

— Kumbe ni fasheni tu, Soli akasema. Nimemaliza.

— Sikusema tu. Kuna wa fasheni na kuna wa haja. Taabu yake ni kwamba wote wanaingia mlango mmoja.

— Na wa haja unamjuaje? Bibi akauliza.

Kioo akafikiri.

— Wa fasheni anataka watu waone nyaya. Wa haja, yeye...

Mlangoni pa duka lake pakasimama mteja na kitambaa kichwani, na Kioo akaondoka na sentensi yake mkononi pamoja na kitana.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mpita njia. Alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja, ndala ya ngozi imekatika, ukanda wake unaning'inia kifundoni.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Spoku akamkaribisha, na wote wakamgeukia kwa mshangao, maana ilikuwa mara ya kwanza methali ya Spoku kumfika anayehusika.

— Karibu, mama, Soli akasema. Dakika kumi. Kaa hapo.

Hapo palikuwa pa kitasa. Spoku akamkonyeza Muhuri. Mwanamke akakaa, akasogea nusu shibiri, akageuza kichwa akakiona kitasa, akatundika mkoba wake juu yake. Kisha akaweka mguu mtupu juu ya kipande cha boksi na kupokea kikombe cha Bibi kwa shukrani. Tangu mlango ule ugeuke benchi, hakuna aliyewahi kufikiria kutundika kitu pale. Spoku akatazama pembeni.

Muhuri, ambaye alikuwa akisubiri zamu yake kwa adabu ya miaka thelathini na miwili, akaweka kikombe chini.

— Mimi sizungumzii mifupa. Nazungumzia dirisha. Nimekaa dirishani. Anakuja mtu, meno yake yamekaa sawa, anatabasamu, "Mzee, naomba fomu." Mkono wangu unakwenda kwenye fomu wenyewe. Anakuja wa pili, mdomo kaufunga kama bahasha, hatabasamu. Namwambia njoo kesho. Sikuwa mtu mbaya. Ni mkono.

— Kumbe ndiyo maana nilirudi mara saba kuomba leseni!

— Wewe meno yako hayana kosa, Spoku. Ni ulimi.

Hata mwanamke wa ndala akacheka.

— Kwa hiyo unasema anyooshwe, Bibi akasema.

— Sijamaliza. Anyooshwe, sawa. Lakini picha zake zote, za shule, za vyeti, ni za meno ya zamani. Siku anakwenda kuchukua cheti chake, karani anatazama picha, anamtazama yeye, anasema wewe si huyu. Na mimi ningesema hivyo hivyo! Itahitajika barua ya kuthibitisha kwamba meno haya ndiyo yale. Na barua hiyo itataka ushahidi wa meno yale, na meno yale yatakuwa hayapo.

— Sasa afanyeje?

— Aume sabuni leo. Kipande kizima, ya kufulia. Iwekwe kwenye bahasha, nami nitaigonga.

— Utaigonga na nini, mzee? Muhuri wenyewe uliuacha ofisini.

— Wino ninao.

Spoku hakuweza kukubali kushindwa na sabuni.

— Mnacheza. Hatari yenyewe ni waya. Waya ni waya. Mimi namjua mtu aliyefungwa nyaya za meno, akawa kila akitafuna upande wa kushoto anasikia mpira unatangazwa.

— Mpira gani?

— Mechi! Redio! Akifunga mdomo, sauti inakwenda. Akipiga mwayo, inarudi. Ikafika mahali mke wake anamwambia, baba watoto, piga mwayo tusikie nani kafunga.

— Na upande wa kulia?

— Matangazo ya vifo.

— Hilo halinitishi, Soli akasema, akivuta uzi kwenye ndala. Linalonitisha ni kwamba meno yakishajua kutembea, nani atayaambia yasimame? Leo umeyasukuma kidogo kulia. Kesho yenyewe yanaendelea. Unaamka siku moja yote yamehamia upande mmoja, kama watu wanaochungulia ajali. Mkono mmoja haulei mwana.

— Hiyo nayo inahusu meno?

— Inahusu kuhama.

Kioo alikuwa amerudi, mteja wake kamkalisha na dawa kichwani.

— Na nyinyi mnasahau kwamba fasheni ni gurudumu. Mtanikumbuka. Watu wote wakishanyooka, kunyooka kutakuwa jambo la kishamba. Watapanga foleni wapindwe. Utasikia, "Daktari, nivutie hili la mbele, nipandishie hili, nataka yale ya asili." Na watalipia mara mbili.

— Basi binti akae tu, Spoku akasema. Fasheni itamkuta nyumbani.

— Tena yule mtoto hana shida yoyote, Soli akadakia. Mtoto ana haya. Mmewahi kumwona anacheka ovyo? Akicheka, mkono mdomoni. Akisalimia, mkono mdomoni. Wasichana wa siku hizi wangapi wana adabu hiyo? Haiuzwi dukani.

— Hilo kweli, Muhuri akasema.

— Hilo kweli kabisa, Kioo akasema. Ninapomsuka hainui kichwa.

Bibi alifurahi. Kusifiwa mjukuu ni kama kusifiwa mboga uliyoipanda mwenyewe. Akawaongeza kahawa kidogo kidogo, bila kuombwa. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umelegea, akasema lile lililomkaa kooni tangu jana.

— Niwaambieni ukweli. Mimi siogopi nyaya, wala redio. Yale ni meno ya mama yake.

Nyundo ya Soli ikasimama. Wote pale walimjua mama yake; alikua kwenye kona hiyo hiyo, kabla mlango haujawa benchi.

— Mnakumbuka alivyokuwa na yale mawili ya mbele. Mwenyewe akisema, "Mama, meno yangu haya yanagombea kutoka mlangoni." Na hakuyafunika! Akicheka, wanawake wa kule bombani wanasema, huyo anakuja, na bado hajatokea kona. Mtoto alipobadilisha meno, yakaota mawili makubwa ya mbele, nikasema, Mungu ni mwema, kanirudishia. Sasa wanataka kuyasukuma yaingie ndani. Wakishayapanga kama ya watu wote, mwanangu nitamwona wapi?

Mkaa ukalia kidogo. Spoku alifuta pua na mgongo wa mkono, akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake:

— Basi, Bibi. Usitie kidole kwenye hiyo karatasi.

— Hilo nami naliunga mkono, Muhuri akasema.

— Hata mimi, Kioo akasema. Niliyosema ya fasheni yafute.

— Umeona? Soli akamwambia Bibi, akirudi kwenye ndala. Huna haja ya daktari kukuambia. Sisi tumemwona yule mtoto tangu anatambaa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Bibi akavuta pumzi ndefu. Mzigo ulikuwa umetua. Akaanza kuwaza atakavyomwambia mtoto, kwa upole, pengine jioni wakila: mke mwenzangu, tumekaa tumeshauriana.

Mwanamke wa ndala akashusha kikombe.

— Samahanini, mimi mpita njia tu. Nimekaa hapa muda wote nasikia meno, meno. Yakoje?

— Nini yakoje? Spoku akauliza.

— Hayo meno ya binti. Yamekaaje?

— Yamepinda.

— Yapi? Ya juu? Ya chini? Yametoka nje, au yamepandana, au vipi?

Spoku alifungua mdomo. Ukabaki wazi, na kwa mara ya kwanza hapakutoka kitu, wala taarifa ya habari.

— Soli atakwambia, akasema mwisho. Huyo na binti wamejuana zamani.

— Mimi? Mimi natazama viatu! Binti anavaa thelathini na saba. Kisigino cha kushoto ndicho huisha kwanza. Muulize Kioo, ndiye anayemshika kichwa.

— Kichwa nakishika, Kioo akasema polepole. Lakini anakiinamisha. Namaliza, nampa kioo, anatazama nywele, anarudisha. Sijui... Muhuri, si umesoma fomu?

— Fomu inasema ya juu na ya chini, Muhuri akasema, akaigeuza hata upande wa nyuma. Haisemi yakoje.

Wakamgeukia Bibi.

Bibi akafunga macho amtafute mjukuu. Mwanawe alimjia mara moja, mzima mzima, na yale mawili yanayogombea mlango. Akamwita mtoto. Mtoto akaja, macho yake, paji lake la uso, kovu dogo la nyusi, na chini ya pua, mkono. Akajaribu kuutoa ule mkono, haukutoka. Alfajiri yeye Bibi hutangulia kuja kuwasha jiko, mtoto akipiga mswaki huko nje peke yake. Jioni hula wameketi karibu na taa moja, mtoto kainamia sahani, na macho ya Bibi nayo si yale ya zamani. Miaka mitano. Amemlisha miaka mitano mdomo asioujua.

Na kilichomjia baadaye kilikuwa sauti, tena sauti yake mwenyewe. Pale pale, kwenye kigoda kile, miaka mitano nyuma. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, kaja mbio kutoka shule, anacheka kwa jambo fulani la watoto, mdomo wote wazi na yale mawili makubwa yanang'aa mbele. Na yeye Bibi, kwa utani, kwa mapenzi, kwa kuwa watu walikuwepo na kahawa ilikuwa tamu, akasema: "Fumba mdomo, mke mwenzangu, inzi wataomba chumba!" Kijiwe kizima kikacheka. Spoku alimwaga kahawa kwa kucheka. Yeye mwenyewe Bibi alicheka mpaka machozi.

Mtoto naye alicheka. Ila aliinua mkono kwanza.

— Bibi? Muhuri akaita.

— Sijui, Bibi akasema. Sijui yakoje.

Soli akawa anapiga msumari mmoja ule ule ambao ulikuwa umekwisha kuingia.

Saa nane ilipofika, binti akatokea uchochoroni, sare ya shule, vitabu mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mahali pake.

— Shikamooni.

— Marahaba! wakaitikia wote kwa pamoja, na wote kwa pamoja wakamtazama mdomo. Mkono ukapanda mpaka puani.

— Acheni kumtolea mtoto macho, Kioo akawakemea, naye akiwa ndiye aliyesogea karibu zaidi.

— Njoo, mke mwenzangu, Bibi akasema. Njoo hapa. Karatasi hii, nani aliyekwenda kuiomba?

— Mimi, Bibi.

— Peke yako?

— Peke yangu.

— Mara moja?

Binti akatazama vidole vya miguu.

— Mara ya tatu ndipo nikapewa. Mara ya kwanza waliniambia njoo kesho.

Muhuri akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

— Ulikwenda kwa miguu, Soli akasema, hakuuliza. Ndiyo maana hicho kisigino.

— Na hukuniambia lolote, Bibi akasema. Umeiweka tu chini ya sinia.

— Nilikuwa nasubiri useme wewe, Bibi. Ukisema hapana, basi.

— Wa haja, Kioo akanong'ona, kama aliyepata kitu alichokidondosha asubuhi. Huyu ndiye wa haja.

Bibi akaitoa karatasi, akainyoosha juu ya goti.

— Muhuri, wino.

Mzee Muhuri akasimama. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kibati, akakipangusa kwa shati, akakifungua kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na kitu kikavu, kimepasukapasuka kama udongo wa kiangazi.

— Umekauka, Spoku akasema. Miaka yote hiyo anatembea na jiwe!

— Hakikuwahi kuitwa, Muhuri akajitetea.

Bibi hakungoja. Akainamisha birika juu ya kibati. Likatoka tone, likatoka la pili, la tatu likasitasita mdomoni mwa birika, likaanguka. Akakoroga kwa kidole gumba. Wino ukaamka, mweusi wa kahawia, unanukia. Muhuri akamwonyesha mahali pa "nakubali", akashika pembe ya karatasi isisogee, na Bibi akabonyeza, akahesabu moyoni mpaka tano, akainua.

— Shika kwa mikono miwili, wino mbichi huo. Usiikunje. Na usikimbie.

Binti akampa Kioo vitabu. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, mmoja huku na mmoja huku, mbele yake, kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia.

— Mwambie daktari, Soli akasema, akiinusa inusa, asishangae. Fomu yake imekunywa kikombe kimoja. Na haijalipa.

Binti akacheka.

Mikono ilikuwa na kazi. Hakukuwa na wa kufunika. Kwa kitambo kile kifupi, kabla hajakumbuka, kijiwe kizima kikaona: jino moja la pembeni limepanda juu kabisa ya mengine kama mtoto aliyebebwa begani, mawili ya mbele yamepeana mgongo kama walionuniana, na ya chini yamebanana, hili nyuma ya lile, hayana pa kusimama. Bibi akayatazama yote, moja baada ya moja. Akamtafuta mwanawe humo. Hakuwemo. Wala mawili yanayogombea mlango hayakuwemo. Yalishakwenda zao zamani, na hakuna aliyeaga.

Lakini kile kicheko. Ng'ambo ya barabara muuza magazeti alikuwa amegeuka kutazama nani.

— Nenda, Bibi akasema. Saa kumi inakuja.

Binti akaondoka kwa hatua za haraka, karatasi mbele. Mwanamke akavaa ndala yake, akaikanyaga mara mbili kuijaribu, akauchukua mkoba wake kwenye kitasa, akaaga. Wakamwitikia kwa heshima waliyokuwa hawampi mtu. Spoku akasogea polepole mpaka upande ule, akavua kofia, akaitundika kwenye kitasa, akaitazama.

— Bibi, akasema, akinyoosha kikombe. Tumalizie.

Bibi Birika akalipindua birika juu ya kikombe chake, akalitikisa. Halikutoa hata jasho.

— Imekwisha, baba, akasema. Imekwenda kutia sahihi.